Katani ya Kioo

Juu ya tangi la maji, hapa Ngomeni,
tumefunga sanduku lenye ukubwa wa kabati la vyombo.
Ndani yake mna mita nane za uzi wa kioo,
umezungushwa kama kamba ya ndoo,
mwembamba kama unywele,
na ndani ya unywele huo umo mwingine:
humo ndimo nuru inamopita.

Mama alipouona aliuliza, "Daraja la ngapi?"
Kwake kila uzi una daraja:
mrefu, mweupe, usio na madoa, huo ndio wa kwanza.
Nikamwambia huu haupangwi madaraja.
"Basi utakatika," akasema,
akaendelea kumenya muhogo.

Nuru huingia imesinyaa,
kama mgeni asiyejua choo kiko upande gani.
Njiani inapokewa na chembe za erbi
tulizozilisha zikavimbiwa,
kila moja inaitwika chake, inaitwika chake,
hata ikitoka ina kilowati tatu
kwa muda usiostahili kuitwa muda.
Kabla hujafika *pe* ya pili ya kupepesa
pigo limekwenda Magoroto na kurudi.
Na wala hulioni. Mbwa wa mlinzi
amelala chini ya tundu linapotokea.

Kinachorudi ni kidogo mno.
Nakihesabu kama mnyapara alivyohesabu matita:
mita mia tatu, vumbi.
Mia tano, vumbi.
Elfu mbili, wingu,
halafu kimya.

Tulitamani mbali zaidi. Semkiwa akaongeza nguvu.
Ila kuna kiwango: ukikivuka,
nuru hukitikisa kioo chenyewe,
kioo kikatoa mlio usiosikika kwa sikio lolote,
na mlio ule ukaigeukia nuru,
ukairudisha ilikotoka.
Nuru kuzuiwa na kelele zake yenyewe!
Nawajua watu wa namna hiyo.
Mmoja anaandika haya.

Akaongeza tena.
Ijumaa usiku uzi ukawaka.
Cheche moja, ndogo kuliko chembe ya ulezi,
ikaanza kutambaa kinyumenyume
mwendo wa mtu asiye na haraka,
ikirudi kwenye chanzo,
nyuma yake ikiacha vitundu, vitundu, vitundu.
Semkiwa alipoifikia swichi
ilikwisha kula mita tano.

Kuunga uzi wa kioo kunataka mahali pasipo na vumbi.
Karakana ina vumbi. Ofisi ina vumbi.
Tulizunguka na mashine ya kuungia mkononi
hadi nikakumbuka chumba cha Mama,
anachokipiga deki mara tatu kwa siku
tangu alipoachishwa kiwandani,
ambako walimwita Mwantumu Brashi
kwa miaka kumi na tisa
ya kuchana katani ing'ae
na kuivuta hewa iliyobaki.

Tukaweka vifaa juu ya kitanda chake.
Ncha kwa ncha, nikishika pumzi,
naye kasimama mlangoni, anashika yake.
Kifua kilipomkaba
akatoka nje, akavuka uwanja,
akaenda kukoholea nyuma ya jiko la jirani
ili asituharibie kiungo.
Nilimsikia hata hivyo.
Kiungo kilishika mara ya kwanza.

Jumatatu nilimpandisha ofisini, ngazi kwa ngazi,
akaione kazi ya chumba chake.
Kwenye skrini, juu ya mapaa ya kiwanda,
kitu chekundu kilikuwa kinainuka,
kinajikunja, kinaelekea nyumba za wafanyakazi.
"Nini hicho?"
"Brashi, Mama. Saa moja asubuhi."

Alikitazama kwa muda mrefu.
"Nilidhani linaishia mle ndani," akasema,
"kwetu sisi tu."

Kisha akashika ncha ya kanga yake,
akaitemea mate kidogo,
akaifuta skrini.
Akatazama. Akafuta tena.